Vichezeo Vilipendwa: Ndege za Mabua, Magari ya Waya na Maneno Yake katika Morogoro na Milima ya Uluguru

Lugha yetu inalo neno zuri la kuziitia nyimbo za zamani, nalo ni zilipendwa. Kwa asili yake neno hili ni kitenzi kizima kilichogeuka jina. Kiambishi zi- chasimama mahali pa nyimbo, -li- yaonyesha wakati uliokwisha, na kauli ya kutendwa yaacha bila kutaja ni nani aliyezipenda, kwa kuwa kila asikiaye hujihesabu kuwa miongoni mwao. Mji wa Morogoro unayo haki ya kulitumia neno hili kwa fahari, maana huko ndiko bendi ya Morogoro Jazz ilikoundwa mwaka 1944, na huko ndiko Mbaraka Mwinshehe alikojipatia sifa kabla ya kufariki mwaka 1979.

Ajabu ni kwamba nyimbo tumekwisha kuzipa jina hilo, wala hatujavipa vichezeo jina la namna hiyo. Hata hivyo mtu mzima wa Morogoro aliyekuwa mtoto katika miaka ya 1960 au 1970 hulikumbuka gari lake la waya kwa majonzi yale yale ayakumbukayo kwayo magitaa ya wakati ule. Kama sarufi ingeachwa ifanye kazi yake, neno lingekuwa vilipendwa. Makala haya yahusu vilipendwa hivyo, hasa vile vilivyoiga mitambo ambayo waundaji wake hawakupata kuikaribia: ndege, jeti, helikopta na roketi. Nakusudia kuonyesha kwamba vitu vyenyewe vimekwisha kupotea karibu vyote, na kwamba makumbusho yake yaliyobaki ni maneno. Tena maneno hayo yana jambo la kuwaambia wanaojishughulisha na sarufi na istilahi za Kiswahili.

Katika Marekani, Uingereza na Japani majonzi ya namna hii yamekwisha kuwa biashara, na pia elimu. Katika miaka ya 1950 na 1960 viwanda vya huko vilitoa kwa wingi masanduku yenye vipande vya plastiki, ambavyo mtoto aliviunga kwa gundi mpaka apate ndege, manowari au chombo cha kwendea mwezini. Kampuni ya Airfix iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1939, na kampuni ya Aurora ya Marekani, zilijulikana sana kwa kazi hiyo. Japani ikatoa roboti za bati zilizotembea kwa kutiwa ufunguo au betri. Filamu ya Forbidden Planet ya mwaka 1956 ilimtangaza roboti aliyeitwa Robby, naye akaigwa katika vichezeo vingi. Ilipofika mwaka 1977, filamu ya Star Wars ilipendwa kiasi hiki, kwamba kampuni ya Kenner, iliyokuwa haijawahi kutengeneza wanasesere wake kabla ya Krismasi, iliuza bahasha yenye hati ya kuahidi kwamba wanasesere wenyewe watafuata kwa posta. Leo watu wenye mvi hununua vitu hivyo kwa bei kubwa, na sanduku lisilopata kufunguliwa ndilo lipendwalo kuliko yote. Msomaji wa Morogoro aweza kustaajabu hapo: kichezeo chenye thamani ni kile ambacho mtoto hakukichezea!

Vitu hivyo havikuwa vya watoto wa Kinole, Matombo au Mgeta. Lakini tukiacha plastiki na gundi, na kutazama tendo lenyewe, twaona jambo moja katika pande zote mbili. Mtoto wa London aliyeunga chombo cha mwezini hakupata kukiona chombo hicho ila katika picha. Mtoto wa Uluguru aliyeunda ndege hakupata kuigusa ndege. Wote wawili waliunda kwa mikono kitu walichokuwa nacho katika fikira tu. Tofauti ni kwamba yule wa kwanza aliletewa vipande vilivyokwisha kukatwa, pamoja na karatasi ya maelezo, na huyu wa pili alivitafuta vipande vyake kandokando ya shamba la mahindi, na maelezo akayapata kwa mdomo wa kaka yake.

Mahali penyewe palisaidia. Milima ya Uluguru huinuka ghafula kusini mwa mji wa Morogoro. Kilele cha Bondwa, kinachoutazama mji na ambacho leo kimesimamishwa minara ya mawasiliano, kina urefu upatao mita 2,100, na ukizidi kwenda kusini, hata Kimhandu na uwanda wa Lukwangule, urefu wapita mita 2,600. Vijiji vingi vya mitelemko hiyo vilifikiwa kwa njia za miguu tu kwa muda mrefu, na mazao yakashushwa sokoni kwa vichwa. Huko chini, reli ya kati ilikuwa imekwisha kufika Morogoro tangu mwaka 1907. Baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru wake mwaka 1965, mizigo ya Zambia ilianza kupita katika barabara ile ya kutoka Dar es Salaam, na malori yenye matela yakawa hayakatiki usiku na mchana. Katika miaka ya 1970 kambi ya ndege za kivita ya Ngerengere, iliyojengwa kwa msaada wa China, ilileta ngurumo za jeti katika anga la upande wa mashariki.

Basi mtoto aliyechunga mbuzi mlimani aliviona vyombo hivi vyote kwa mbali, na kwa umbali ule vilikuwa vidogo kama vichezeo. Lori lilikuwa kiasi cha kiberiti. Garimoshi lilikuwa uzi mweusi uvutwao polepole. Sidhani kuwa nakosea nikisema kwamba kazi ya kwanza ya muundaji, ambayo ni kukipunguza kitu kikubwa kiwe kidogo, mlima wenyewe ulikuwa umekwisha kumfanyia.

Tuitazame sasa ndege ya mabua, maana ndiyo iliyo karibu kabisa na yale masanduku ya ng'ambo. Bua la mahindi au la mtama likikauka vizuri huwa na sehemu mbili: ganda gumu la nje, lenye kung'aa na makali ya kukata kidole, na moyo mweupe wa ndani, mwepesi na laini kama sponji. Muundaji huchuna ganda kwa meno au kwa kisu, akalipasua kuwa vijiti vyembamba. Moyo hukatwa vipande kwa urefu utakiwao. Kisha vijiti vya ganda huchomekwa katika vipande vya moyo, navyo hushika kama misumari, bila gundi wala kamba. Kwa njia hii moja tu hupatikana mwili wa ndege, mabawa, mkia, na hata viti vya abiria. Kijiti cha ganda kikipindwa hurudi chenyewe, kwa hiyo hicho hicho ndicho springi. Kipande cha moyo kilichokatwa mviringo ni gurudumu. Kutokana na mabua hayo hayo watoto walijitengenezea miwani, ili rubani awe na miwani yake. Ndege ya namna hii haidumu. Mvua moja yatosha kuilainisha, na mbuzi asipotazamwa huimaliza kabla ya mvua.

Penye mashamba ya mkonge, kama yale ya upande wa Kilosa na Ngerengere, kulikuwa na kitu kingine kilichofaa kuchongwa: ule mti mrefu wa ua la mkonge, unaoinuka mmea unapokaribia mwisho wa maisha yake. Ukikauka huwa mwepesi sana, nao hukubali kisu bila ubishi. Kwa pangaboi, yaani lile panga la mbele lizungukalo, palitosha kipande cha bati kilichokatwa kutoka kopo la samli au la maziwa, kikatobolewa katikati kwa msumari na kupindwa kidogo ncha zake. Mtoto hukimbia nayo katika upepo wa mtelemko, nalo lazunguka. Watoto wa pwani walikuwa na kititia cha ukuti tangu zamani, kichezeo kizungukacho kwa upepo vivyo hivyo. Pangaboi ni kititia kilichopanda ndege.

Gari la waya lilikuwa kazi ya watoto wakubwa zaidi, na zaidi ya mjini na ya kandokando ya barabara. Waya zilitoka katika uzio, katika miavuli iliyovunjika, au mahali ambapo haikufaa kuulizwa. Zilipindwa kwa koleo, au kwa jiwe na meno, kufuata umbo la gari fulani. Mtoto hakuunda gari tu; aliunda Leyland, au Isuzu, au Scania, na wenzake walimkosoa kama taa hazikukaa mahali pake. Magurudumu yalikatwa kutoka kandambili kuukuu, nayo yalikuwa mazuri kwa sababu hayapigi kelele na hushika njia. Asiye na kandambili alitumia visoda. Juu ya ekseli ya mbele paliunganishwa waya mrefu uliopanda hata kiunoni mwa mtoto, na mwisho wake ukapindwa kuwa duara. Kwa duara hilo dereva, akitembea nyuma ya gari lake, aliweza kukata kona barabara. Atakayefikiri kwamba huu ni mchezo tu na ajaribu kuunda ekseli ya mbele ipindayo kulia na kushoto bila kukwama, kwa waya mmoja na bila msumari. Ndipo atakapojua kiasi cha elimu iliyokuwamo.

Habari za angani nazo zilifika, na hazikutoka mbali kama tudhanivyo. Mwaka 1960 Waingereza na Wamarekani walikubaliana kuweka katika kisiwa cha Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vya mpango wa Mercury, na John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, kituo hicho kilikuwa miongoni mwa vilivyozungumza naye. Wapinzani wa kituo walikiita kambi ya roketi na kudai kiondoke, nacho kiliondolewa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Kwa hiyo watu wengi wa Visiwani walilisikia neno roketi kwanza katika siasa, likiwa kitu cha kutisha. Mwaka huo huo wa 1964 mwalimu mmoja wa Zambia, Edward Mukuka Nkoloso, alitangaza kuwa atawapeleka watu wake mwezini, akawazoeza kwa kuwatia ndani ya pipa na kulibiringisha mtelemkoni. Magazeti ya dunia yalimcheka. Mtoto yeyote wa Uluguru aliyepata kushuka kilima ndani ya pipa, au juu ya kigari cha mbao kisicho na breki, angeuelewa mpango huo mara moja.

Pwani ya Kenya, karibu na Malindi, Waitaliani walikuwa na jukwaa la San Marco baharini, na kutoka hapo chombo cha San Marco 2 kilirushwa mwezi wa Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, kilirushwa kutoka jukwaa hilo hilo chombo cha Marekani cha kuchunguza nyota kwa miale ya eksirei, kikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Morogoro yenyewe ilikuwa na njia yake ya kuukaribia mwezi. Mwaka 1970 bendi ya Morogoro Jazz ilikwenda Osaka, Japani, kupiga muziki katika Maonyesho ya Dunia, na Mbaraka Mwinshehe akatunga wimbo kwa jina la maonyesho hayo, Expo 70. Katika maonyesho yale yale banda la Marekani lilionyesha jiwe lililoletwa kutoka mwezini, na watu walipanga mistari mirefu kwenda kulitazama. Wanamuziki wa mji wetu walikuwa basi katika nchi ya roboti za bati, mahali ambapo jiwe la mwezi lilikuwa likionyeshwa, miezi michache tu baada ya mtu wa kwanza kukanyaga huko. Sijui jambo lingine liwezalo kuonyesha vizuri zaidi jinsi mambo hayo yalivyokuwa karibu nasi kuliko tunavyokumbuka.

Sasa nije kwenye maneno, maana ndiyo hasa yatuhusuyo. Jambo la kwanza la kuangalia ni njia yaliyopitia. Lile duara la waya lililo mkononi mwa dereva huitwa usukani. Kwa asili usukani ni wa chombo cha baharini, tena hukaa nyuma, majini. Ulipopandishwa katika gari ukahamia mbele na kuwa duara. Ulipofika katika gari la waya ukarudi tena nyuma, mikononi mwa mtoto atembeaye kwa miguu. Vivyo hivyo rubani, aliyekuwa mwongozi wa jahazi, amekuwa mwendeshaji wa ndege, na chombo, kilichokuwa jahazi na pia sufuria, kimekuwa cha angani. Mtoto wa Nyandira au Kienzema ambaye hakupata kuiona bahari aliyatumia maneno haya ya mabaharia juu ya ndege ya bua bila kufikiri mara mbili. Kwa maneno mengine, pwani ilimfikia mlimani kwa njia ya kichezeo.

Kundi la pili ni la gereji: chesisi, bodi, ekseli, springi, difu, tela, breki. Maneno haya ni ya kukopa, na katika istilahi za shule mara nyingi hutafutiwa badala yake. Lakini kwa mtoto wa barabara ya Zambia hayakuwa ya kigeni hata kidogo. Aliyajifunza kabla ya kujua kusoma, na kila moja alilijua kwa kidole chake. Huenda hii ndiyo sababu mojawapo ya maneno ya gereji kushika mizizi haraka, kwa kuwa wasemaji wake walianza kuyatumia wangali wadogo, wakiyahitaji kweli. Pangaboi ni neno la kupendeza zaidi, kwa sababu ndani yake lasikika neno panga, chombo cha kila nyumba ya mkulima.

Kundi la tatu ni la vitendo. Bua huchomekwa, waya hupindwa au husukwa, mbao huchongwa, na kitu kizima huundwa. Vitenzi hivi havibadilishani ovyo. Kusuka ni kazi ya ukili na nywele, na gari lililosukwa ni lile ambalo waya zake zimepishanishwa hata zikawa kama kikapu. Kuunda kulikuwa kazi ya majahazi. Kutokana na kitenzi hicho twapata leo akili unde, neno mojawapo kati ya yale yanayoshindana kuitaja akili ya mashine. Mengine ni akili bandia na akili mnemba. Na kurusha ni kitenzi kimoja tangu mwanzo hata mwisho: tiara hurushwa, ndege ya karatasi hurushwa, chombo cha Uhuru kilirushwa.

Hilo neno bandia lastahili kutazamwa. Katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 bandia ni mwanasesere, yule wa kutengenezwa kwa matambara, na huitwa pia mtoto wa bandia. Leo wengi wetu tukisikia bandia twafikiri noti, meno au nywele, na maana ya kichezeo imefifia. Huenda kichezeo ndicho kilichokipa Kiswahili neno la kuitia kila kitu kilichofanana na kingine wala si chenyewe. Anayesema akili bandia anasema, bila kukusudia, kwamba mashine hiyo ni mtoto wa matambara.

Hapo twafikia swali la sarufi, ambalo naliona kuwa kiini cha maneno haya yote. Kila mwanafunzi wa Kiswahili ajua kwamba kiumbe chenye uhai, hata jina lake likiwa katika ngeli gani, hufuata upatanisho wa a-/wa-: kiboko anaogelea, kijana amekuja. Mashine ikipewa jina la mnyama, uhai huondoka katika sarufi, na jina hurudi kufuata umbo lake. Ndege wa porini ameruka, lakini ndege ya Ngerengere imeruka. Kifaru wa mbugani amelala, lakini kifaru cha jeshi kimelala, na wakati wa vita vya Uganda vya 1978 na 1979 watoto waliounda vifaru vya udongo waliviita hivi vifaru, wala si hawa. Basi dogo la abiria liliitwa kipanya, nacho kilijaa. Kanuni yaonekana kuwa safi: pumzi ikitoka, upatanisho nao hutoka.

Lakini mwanasesere huivunja. Hana pumzi, na bado tunasema amelala, amevaa, amevunjika. Ng'ombe wa udongo vile vile hubaki ng'ombe: ng'ombe wangu amekauka, asema mtoto, amevunjika pembe. Tofauti iko wapi kati ya ng'ombe wa udongo na kifaru cha udongo? Jibu nilionalo ni kwamba ng'ombe wa udongo ni mfano wa kilicho hai, na kifaru cha udongo ni mfano wa mashine. Kichezeo hufuata upatanisho wa kile kinachoigwa, wala si wa kile kilichotumika kukiunda. Ndiyo maana ndege wa bua na ndege ya bua ni vichezeo viwili, na kwa herufi moja tu mtoto aliweza kumwambia mwenzake kama ameunda kunguru au jeti.

Katika Uluguru jambo hili lina mizizi ya zamani kuliko reli na barabara. Waluguru, pamoja na Wazaramo, Wakwere na Wakutu walio jirani zao, walikuwa na sanamu ndogo ya mti ijulikanayo kama mwana hiti, aliyopewa mwali wakati wa kuwekwa ndani. Mwali alimtunza kama mtoto. Kumwita kichezeo kungekuwa kumvunjia heshima, maana kazi yake ilihusu uzazi na ukoo, na katika Uluguru ukoo hufuata upande wa mama. Nataja tu kwamba jina lake laanza na mwana, kama mwanasesere, na kwamba kiumbe huyu wa mti alisemwa kwa upatanisho wa watu. Sanamu za mwana hiti zimehifadhiwa katika makumbusho kadhaa ya Ulaya na Marekani, kwa kuwa wakusanyaji waliziona kuwa sanaa. Ndege za mabua zilizoundwa na wadogo na wapwa wa mwali yule yule hazikuchukuliwa na mtu.

Na sasa kuna mdoli. Hili ni neno la Kiingereza lililopata m- ya Kiswahili na wingi wake midoli, na katika maduka ya Tanzania siku hizi midoli yaweza kumaanisha vichezeo vya kila namna, hata gari na ndege za plastiki zitokazo China. Neno moja limemeza mengi. Pia, tiara, kititia, mwanasesere na bandia, kila kimoja kilikuwa na jina lake na namna yake ya kuundwa. Midoli hununuliwa yote kwa njia moja. Hata upatanisho umelegea: wengine husema mdoli wangu umevunjika, wengine amevunjika. Silaumu wauzaji wala wazazi. Plastiki haipungui kwa mvua, na mama aliye mjini hana mahali pa kuokota mabua. Lakini mtu wa miaka sitini akikaa na wajukuu wake, akitaka kuwaeleza gari lake la utotoni, hukuta kwamba maneno anayo na wao hawana kitu cha kuyatundikia.

Ndiyo sababu ukusanyaji wa maneno haya wapasa kufanywa na wanaisimu mapema, kabla ya wakusanyaji wa vitu, ambao kwa sehemu kubwa hawana tena cha kukusanya. Njia si ngumu. Mtu mzima akipewa waya, koleo na kandambili mbovu, mikono yake hukumbuka kabla ya ulimi, na ulimi hufuata; atataja kila kipande akikifikia. Hojaji haiwezi kupata hayo. Yafaa maneno ya Kiswahili yaandikwe sambamba na yale ya Kiluguru, kwa kuwa mtoto wa mlimani mara nyingi aliuita mmea kwa lugha ya nyumbani na sehemu ya mashine kwa Kiswahili, na mpaka kati ya lugha hizo mbili ulipita katikati ya kichezeo kimoja. Yafaa pia kuulizwa wanawake, ambao huachwa nje ya habari za magari ya waya, hali wengi wao waliyaunda. Huko Goma, mashariki ya Kongo, chukudu, ile skuta kubwa ya mbao inayofanana sana na vigari vya watoto wa milimani, imekuwa chombo cha kazi cha watu wazima na kusimamishiwa sanamu mjini. Istilahi zake nazo zingefaa kulinganishwa na zetu.

Limebaki neno moja ambalo kanuni niliyoieleza hailimalizi. Roboti aiga nini? Kama ni mfano wa mtu, sarufi ya ng'ombe wa udongo yataka tuseme roboti anatembea, ameanguka, na roboti wangu. Kama ni mashine tu, sarufi ya kifaru yataka roboti inatembea, imeanguka, na roboti yangu. Msomaji aliye makini atakuwa ameona kwamba katika makala haya nimeandika roboti za bati zilizotembea, na papo hapo nikaandika roboti aliyeitwa Robby. Sikuweza kuandika vinginevyo bila sikio kukataa: zile hazikuwa na jina, na huyu alikuwa nalo. Magazeti husita vivyo hivyo. Kamusi zitalazimika kuchagua siku moja, na kabla ya kuchagua ingefaa kwanza kusikiliza vizuri jinsi watoto wa Morogoro wanavyosema wanapogombania kichezeo hicho.